Biti tatu nzuri zinashinda seti ya vipande 115

Nianze na kukiri, maanake wengine wenu mmeshaanza kuniuliza kwenye inboksi. Ile seti ya bisibisi ya vipande 115 niliyoisifu hapa miezi michache iliyopita, ile ya boksi jeusi lenye taa ndogo upande, msinunue tena. Na kama uliinunua kupitia linki yangu, soma hadi mwisho, kwa sababu nina deni nawe.

Kwa wale wageni: hapa tunafungua vitu. Simu, feni, saa, redio za babu, na visu vya kukunja, vile ambavyo bapa linaingia ndani ya mpini. Visu vilikuja vyenyewe, sikuvitafuta. Mtaani kwetu Kibokoni wazee wengi wanavyo. Wengine walikuwa mabaharia, wengine bado wanavua, wengine wana watoto Muscat na Dubai wanaowaletea zawadi kila wakija likizo. Na kisu cha kukunja hapa Old Town hakikai salama hata mwaka mmoja. Hewa yetu ina chumvi. Ongeza magamba ya samaki, mchanga, maji ya embe na ndimu, baada ya muda kinakuwa kigumu kufunguka, au kinafunguka kwa kelele kama mlango wa Ndia Kuu. Dawa yake ni kukivua chote, kusafisha, kutia mafuta, na kukirudisha. Kazi ya nusu saa ukiwa na kifaa sawa.

Sasa sikiza yaliyonipata nikiwa na kifaa kisicho sawa.

Mama mmoja wa mtaani aliniletea kisu cha marehemu mumewe. Mzee alikuwa baharia, halafu alipostaafu akawa anaenda kuvua na wenzake. Kisu kilikaa kabatini tangu afariki, kikagoma kabisa. Mama alisema, "Mwanangu, mimi nataka kifunguke tu, nimpe mjukuu akijua ni cha babu yake." Nikamwambia hakuna shida, mama, dakika kumi. Nikaweka simu kwenye stendi, nikakaa barazani, nikaanza kurekodi. Kusema ukweli nilishaona video itafanya vizuri. Marehemu, bahari, mjukuu, nani hapendi?

Skrubu ya kati, ile inayoshika bapa lizunguke, ilikuwa ya nyota ya pembe sita. Nikachukua biti ya saizi ile kwenye seti yangu, nikachomeka, nikazungusha. Ikatoa sauti, kriii. Nikasema kwa kamera, "Imeachia!" Wapi. Skrubu ilikuwa imekaa pale pale, biti ndiyo iliyojipinda. Pembe zake sita zilikuwa zimelala upande mmoja. Badala ya kuacha, nikachukua biti nyingine ndani ya seti ile ile, si ziko 115? Nikakaza zaidi. Mara hii kichwa cha skrubu ndicho kilichokwisha. Kile kitundu cha nyota kikawa duara, laini, kama kikombe cha kahawa.

Mama hakunipigia kelele. Aliangalia, akasema, "Basi, mwanangu, si kitu." Afadhali angenitukana.

Kesho yake nilikipeleka kwa mzee mmoja fundi saa, kibanda chake hakiko mbali na Biashara Street. Nilimsalimia, nikamweleza. Akaweka ile lenzi yake jichoni, akaiangalia kwanza biti yangu kabla hata hajaangalia kisu. Akasema, "Kijana, hii si bisibisi. Hii ni picha ya bisibisi." Akaipasha moto skrubu kwa ncha ya chuma cha kuchomea waya, akachukua tupa nyembamba kama uzi, akachonga mfereji juu ya kichwa cha skrubu, akaingiza bisibisi ya flati, na skrubu ikatoka polepole. Ndani kulikuwa na kutu na mchanga mtupu. Hakuchukua hata shilingi. Lakini ile skrubu ina kovu mpaka leo, na skrubu ya kisu kile hupati Marikiti wala wapi. Kisu kilikaa miaka na mwenyewe, kikarudi kwa mjukuu na alama yangu mimi.

Kwa hivyo maoni yangu ya leo ni haya: sisi tunaofungua vitu tuache kununua wingi. Nunua biti chache, nzuri, za saizi unazotumia kweli. Na sisi tunaotengeneza video tuache kuwauzia watu maboksi kwa sababu yanapendeza kwenye kamera. Sasa nikueleze namna ya kuchagua, ndiyo usiseme huyu jamaa anahubiri tu.

Kwanza, jua unachoomba. Hapa kwetu ukienda duka la hadiwea ukasema "nipe bisibisi ya star", utapewa ile ya msalaba. Ndivyo tunavyoiita Kenya nzima: kuna flati na kuna star. Lakini ile star yetu jina lake ni Phillips, kutokana na Henry Phillips wa Marekani aliyepata hataza zake mwaka 1936. Visu vingi vya kukunja vya siku hizi havitumii hiyo. Vinatumia Torx, nyota ya pembe sita, iliyobuniwa Marekani mwaka 1967 na kampuni ya Camcar Textron. Ukisema star tu, utarudi nyumbani na kifaa kingine. Sema Torx, au mchoree kabisa kwenye karatasi.

Tofauti si ya sura tu. Ule msalaba wa Phillips kuta zake zimeinama, kwa hivyo ukikaza sana biti inapanda juu na kuruka nje, na ikiruka inakula kichwa cha skrubu. Torx kuta zake zimesimama wima, nguvu inagawanyika pembe sita, biti haina sababu ya kuruka. Ndiyo maana unaweza kukaza sana kwenye skrubu ndogo sana. Lakini hiyo faida inakuwepo tu kama biti imejaa kitundu vizuri. Biti legevu ndani ya Torx haina msaada wowote.

Pili, saizi. Habari njema ni kwamba huhitaji 115. Kwenye visu vingi skrubu ya kati ni T8, na zile ndogo za mpini na za klipu ni T6 au T8. Vichache vikubwa vina T10. Basi. Hiyo ndiyo orodha yangu yote: T6, T8, T10. Tatizo ni kwamba saizi hizi zinakaribiana. T6 ina upana wa kama milimita 1.7, T7 kama 2, T8 kama 2.3. Ukiingiza T7 kwenye kitundu cha T8 itaingia, itashika kidogo, itakudanganya, halafu itageuka ndani na kukwangua kila kitu. Sheria yangu sasa: anza na biti kubwa. Ikikataa kuingia, shuka saizi moja. Usianze na ndogo ukisema "inashika shika".

Kuna visu vingine vina kitundu cha pembe sita zilizonyooka, ile tunaita alenki. Hapo angalia kama ni ya milimita au ya inchi. Biti ya milimita 1.5 inaingia kwenye kitundu cha inchi 1/16, ambacho ni kama milimita 1.59. Tofauti ni chini ya unene wa karatasi mbili, na inatosha kabisa kuharibu skrubu.

Tatu, angalia ncha. Seti nyingi za bei rahisi zina biti za Torx zilizotobolewa katikati. Hizo ni za skrubu za usalama, zile zenye kijiti katikati. Zinaingia pia kwenye skrubu ya kawaida, ndiyo maana wauzaji wanazipenda, biti moja kazi mbili. Lakini ukishatoboa katikati ya ncha ya milimita 2.3, umebakisha chuma gani? Ndizo zinazojipinda. Kama kisu chako hakina kile kijiti, chukua biti iliyojaa.

Nne, chuma. Utaona maandishi "S2" au "Cr-V" ubavuni. S2 ni chuma cha vifaa kilichokusudiwa kuvumilia kugongwa na kukazwa. Cr-V ni chuma chenye kromu na vanadi, kizuri kwa spana na bisibisi kubwa. Kwa ncha nyembamba namna hii, mimi naenda na S2. Lakini tusidanganyane: maandishi ni wino. Yeyote anaweza kupiga chapa ya S2. Halafu hata chuma kikiwa cha kweli, namna kilivyopashwa moto na kupozwa ndiyo inaamua kama kitakuwa kigumu, laini, au chenye kuvunjika. Ni kama unga wa mahamri. Unga mmoja, duka moja, watu wawili: wa kwanza anatoa mahamri yamefura, wa pili anatoa mawe. Kwa hivyo jina la mtengenezaji lina maana, kwa sababu yeye anasimamia hiyo jiko. Wiha na Wera wa Ujerumani, Vessel wa Japani, hao wamejenga jina kwa bisibisi. Si lazima ununue kwao, na hawanilipi, ila ukilinganisha biti yao na ile ya boksi langu chini ya lenzi utaona mwenyewe.

Tano, pima kabla ya kulipa. Nenda na kisu, au nenda na skrubu moja. Muombe muuzaji uangalie ncha: pembe ziwe kali na sawasawa, mwisho uwe bapa, si duara kama peremende iliyonyonywa. Halafu ichomeke kwenye skrubu, uiache mkono. Ikisimama yenyewe bila kutikisika, hiyo ni biti. Ikicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, rudisha. Muuzaji akikataa usijaribu, ashakujibu.

Na ukishapata biti nzuri usidhani kazi imeisha. Funga makali kwa tepu kabla ya kugusa chochote, kidole hakina skrubu ya akiba. Safisha kitundu kwa sindano, kwa sababu uchafu wa pale ndani unazuia biti isizame hadi chini. Skrubu nyingi za visu zimetiwa gundi kiwandani ili zisilegee. Usishindane nayo, gusisha ncha ya chuma cha kuchomea waya kwenye kichwa cha skrubu kwa sekunde kadhaa ilainike. Simamisha bisibisi wima, sukuma chini kwa nguvu kuliko unavyozungusha. Usitumie mashine ya drili, tumia mkono, mkono unasikia. Ukirudisha, tia tone la mafuta ya cherehani. Usitie mafuta ya kupikia, yatakuja kuganda na kunata na utarudi pale pale. Na kama kisu chako ni Opinel ya Ufaransa au Victorinox ya Uswisi, zile za kawaida zimepigwa ribiti, hazina skrubu ya kufungua. Osha, kausha, tia mafuta, wachana nacho.

Sasa najua mtakachosema. "Bro, ganji iko wapi?" Naelewa kuliko mnavyodhani. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikwisha kabla ya masomo. Simu ninayorekodia ni ya mkono wa pili. Sikuambii ununue biti kwa sababu nina pesa. Hebu tupige hesabu yangu mwenyewe. Ile seti nilinunua shilingi 650. Nilizotumia humo ndani ni biti nne au tano, na zote zimeisha. Zile 110 zingine? Sijui hata zinafungua nini. Ni mapambo. Biti zangu tatu mpya zimenigharimu shilingi 1,900 pamoja na kuletewa, na mpini nikabaki na ule wa zamani, kwa sababu tundu lake la milimita 4 linakubali biti yoyote ya shina hilo. Angalia hilo pia kabla ya kununua. Kuna shina la milimita 4 na kuna la robo inchi, haziingiliani. Kama hata 1,900 ni nyingi, nunua T8 peke yake mwezi huu. T8 moja nzuri itafungua skrubu iliyo muhimu kuliko zote. T6 itakuja mwezi ujao.

Kuna mtu atasema pia seti kubwa ni nzuri kwa anayeanza, ajue saizi tofauti. Nimelifikiria sana hili, na nakubali nusu. Kama unafungua rimoti na feni yako mwenyewe ukijifunza, sawa, haribu utakavyo. Lakini siku unayopokea kitu cha mtu mkononi, mambo yamebadilika. Kisu cha watu, simu ya watu, saa ya watu. Aliyekupa hajui tofauti ya S2 na sufuria. Amekuamini tu. Na kijana asiye na cheti kama mimi hana kingine cha kuonyesha ukutani. Yule mama hakuuliza nilisoma wapi, alileta kisu kwa sababu alinijua tangu mdogo.

Na hili la visu nilitaje, maanake najua linavyosikika. Kijana wa Old Town na visu, mtu wa nje anafikiria magenge moja kwa moja. Sote tunajua yaliyotokea kisiwani na ng'ambo ya Nyali, vijana wa umri wetu na mapanga, watu kukatwa kwa ajili ya simu. Kwa hivyo nawaambia waziwazi: kisu ninachotengeneza kinakaa kwenye boksi la kazi, kinatoka kwa mwenyewe na kinarudi kwa mwenyewe. Sitembei nacho mfukoni Mwembe Tayari usiku, na wewe usitembee nacho. Sheria ya Kenya inasema kwenda hadharani na silaha bila sababu halali, kwa namna ya kutia watu hofu, ni kosa, na ukisimamishwa usiku maelezo ya "nilikuwa natia mafuta" hayatakufikisha mbali. Hata hivyo sitaacha kuvifungua. Nataka mdogo wangu aone kisu akifikiria kutu na skrubu, na mzee aliyekuwa akikatia mshipi nacho.

Sasa deni langu. Ile posti ya seti ilikuwa na linki, na kila aliyenunua nilipata shilingi 50. Sikuwaambia hilo vizuri, niliandika tu "linki iko chini". Mlinunua 38. Nilijua kitu kuhusu seti ile? Hapana. Niliifungua boksi siku ile ile, taa ikawaka, nikasema "wanangu, hii ni moto". Sikuwa nimefungua hata skrubu moja nayo. Baada ya mambo ya kisu, muuzaji alinitafuta tena, ana seti mpya ya vipande 140. Nimemwambia nitaisema nikishaitumia miezi mitatu, sijapata jibu.

Siwezi kurudishia kila mtu pesa zake, ukweli huo. Ninachoweza ni hiki. Kila Jumamosi baada ya alasiri nitakuwa barazani kama kawaida, na zile T6, T8 na T10 zitakuwa mezani. Kama ulinunua seti kwa linki yangu, leta kisu chako, au cha baba, au cha babu, tukifungue na biti hizi bure. Wa Majengo, Tudor, Likoni, wote karibuni, inboksi nitawaelekeza. Video ya kisu cha marehemu sikuifuta. Nimeibandika juu kabisa ya ukurasa, na ile sehemu ninayosema "Imeachia!" nimeiacha kama ilivyo, mcheke mtosheke.

Halafu mniambie kwenye komenti: ni biti gani umewahi kununua ikadumu, ulinunua wapi hapa Mombasa, na kwa pesa ngapi? Andikeni bei ya kweli. Nataka tutengeneze orodha yetu, na yeyote aliyelipwa kuitaja biti fulani aseme amelipwa.